Mashine Ilipozimika Karibu na Kinasi

Ghuba ya Chole haiogopeshi kwa macho. Ukisimama ufukweni Utende, hapa Mafia, unakiona kisiwa cha Chole hapo mbele na kisiwa cha Juani nyuma yake, maji yamelala katikati. Lakini upande wa mashariki ghuba ina mlango, ndio Kinasi, na nje ya mlango ule ni Bahari ya Hindi tupu. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yanapopwa, hutoka pale Kinasi kwa nguvu. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, mkondo unatoka huku mawimbi ya nje yanaingia. Vikikutana, mawimbi yanasimama wima.

Mashine yangu ilizimika katika hali hiyo hiyo: mwezi wa Julai, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji yakipwa. Nilikuwa navusha watu kwenda Juani kwa faiba, boti yangu ndogo ya mashine, abiria 9 na mtoto mchanga, pamoja na magunia mawili ya unga. Mashine ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Niligeuka nikashika kamba ya kuwashia. Nikavuta, nikavuta tena. Nilikuwa nimewapa abiria mgongo na bahari nayo nimeipa mgongo. Aliyetunusuru ni mzee mmoja wa kisiwa cha Jibondo aliyekaa omo, mbele ya chombo. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, acha hiyo. Tazama Chole iko wapi." Nilipoinua macho, Chole ilikuwa imehama. Dakika zote nilizovuta kamba, mkondo ulikuwa unatupeleka mlangoni.

"Nanga kwanza," akasema. "Mashine haitakwenda popote."

Nanga yangu ni ya nondo, makucha manne. Kamba yake ilikuwa mita 20 hivi, na pale kina kilipita mita 10. Kamba ikisimama wima nanga hainasi, inanyanyuliwa tu. Inatakiwa kamba ilale ndipo makucha yachimbe, kwa hiyo urefu wake uwe angalau mara 3 ya kina, na bahari ikichafuka mara 5 au zaidi. Mimi niliyajua hayo na bado nilikuwa na kamba fupi. Tuliunga kamba ya turubai na ya kufungia mizigo, mzee akapiga mafundo mwenyewe, tukalegeza taratibu. Niliweka kiganja juu ya kamba, maana nanga ikiburura unaisikia mkononi, inatetemeka. Ilitetemeka, ikatetemeka, kisha ikakaza. Chole ikaacha kuhama.

Mkondo ulikuwa na nguvu kuliko upepo, basi omo ikatazama tulikotoka na mawimbi yakatupiga tezini, yaani nyuma, ambako mashine inakaa na ubavu ni mfupi. Maji yakaanza kuingia. Niliwaomba waliokaa nyuma wasogee mbele kidogo, mmoja mmoja, wakiwa wameinama, kisha wote wakae chini sakafuni. Magunia nayo tukayasukuma mbele ili tezi inyanyuke. Vijana wawili wakapokezana kufua maji kwa dumu lililokatwa.

Majaketi ya kujiokolea yalikuwapo 12, lakini nilikuwa nimeyatia ndani ya gunia, chini ya ubao wa omo, yasiharibiwe na jua. Fundo lilikuwa limekazwa na chumvi, tukalikata kwa kisu. Kuvaa jaketi chombo kikiyumba ni kazi kubwa kuliko unavyodhani, hasa kwa bibi mwenye baibui na khanga mbili. Mtoto mchanga hakuwa na jaketi la kipimo chake, na hilo linaniuma hadi leo. Mama yake tulimpa pia dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa. Dumu kama hilo humwelesha mtu mzima akilikumbatia. Nilimkataza asimfunge mtoto kwenye chombo kwa khanga, maana chombo kikipinduka atabaki chini yake.

Kijana mmoja akavua shati aogelee hadi Juani kuita watu. Juani ilionekana karibu kweli. Mzee akamshika mkono: "Utaelekeza kichwa Juani, maji yatakupeleka Kinasi." Chombo kidogo hata kikijaa maji mara nyingi huelea na huonekana kwa mbali, ila kichwa cha mtu baina ya mawimbi unaweza kukipita usikione.

Simu niliiweka ndani ya kopo lenye kifuniko, na siku ile kopo hilo lilikuwa na thamani kuliko chombo chote. Nilimpigia mwenzangu wa Utende: niko mbele ya Kinasi, nimetia nanga, watu wazima 10 na mtoto mchanga, mashine imezima, maji yanaingia kidogo. Nikamtaka ayarudie maneno yangu. Kisha ndipo nilipofungua chujio la mafuta: maji yamekaa chini, petroli juu. Nilisafisha, lakini mashine ilikataa.

Walifika baada ya dakika 40 hivi. Abiria wengine wakainuka watake kurukia faiba ya pili, nikawasihi wakae. Vyombo viwili vikigongana kwenye mawimbi huvunja mguu wa mtu. Tulipokea kamba ndefu ya kuvutia, tukaifunga kwenye pete ya omo, na hakuna aliyekaa karibu nayo. Nanga ilikuwa imenasa mwambani. Nilifunga dumu kwenye mwisho wa kamba, nikaiachia.

Siku hizi nina kamba ya mita 60 na majaketi mawili ya watoto, na petroli naichuja kwa kitambaa kabla ya kuitia tangini. Faiba haiondoki Utende mpaka kila mtu avae. Wapo wanaonuna kwamba wamezaliwa na bahari na jaketi lina harufu. Nawaambia wangoje chombo kingine, na wengine kweli hungoja.

Nanga tuliifuata siku za maji mafu, yasipopanda wala kushuka sana, mimi na yule mzee, bahari imetulia kabisa. Dumu lilikuwa palepale. Alivuta yeye, akaikuta kucha moja imenyooka, akanirudishia mkononi akisema, "Kaikunje upya leo, usilale nayo hivi."