Blinka iliyokataa kupepesa

Niliandika programu ya Mchezo wa Uhai, ule alioubuni mwanahisabati John Conway mwaka 1970: kwenye jedwali la miraba (seli), kila hatua seli hai yenye majirani hai 2 au 3 husalimika, vinginevyo hufa, na iliyokufa yenye majirani hai 3 huzaliwa. Nikaweka blinka: seli 3 hai zilizolala mstarini. Zilipaswa kusimama wima, kisha kulala tena. Zikasambaratika.

Usiku kucha nilishuku hesabu ya majirani. Kumbe ilikuwa sahihi! Nilipochora daftarini, seli moja moja, ndipo nikaona: seli ya juu ilizaliwa kabla sijamaliza kukagua, ya kushoto ikahesabu majirani 2 badala ya 1, ikasalimika ilhali ilipaswa kufa. Nilikuwa naandika kwenye jedwali lilelile ninalolisoma.

Nikatenga majedwali 2, la kusoma na la kuandikia kizazi kipya. Blinka ikapepesa. Pulsa nayo, umbo kubwa zaidi lenye mzunguko wa hatua 3, ikapumua vizuri. Ipe tu nafasi ya seli 15 kwa 15, maana hutanuka.