Jinsi nilivyoifufua saa yangu ya taa za Nixie

Wengi wanaosita kununua saa ya taa za Nixie huziogopea taa zenyewe: ni za zamani na ni za kioo. Kampuni ya Kimarekani ya Burroughs ilizitoa sokoni mwaka 1955, na viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza miongo mingi iliyopita. Mimi naona hofu hiyo imepitiliza. Hazina uzi wa kuungua kama balbu. Ndani mna neoni na namba kumi za chuma chembamba, moja nyuma ya nyingine. Namba ikipewa umeme, kwa kawaida kama volti 170, gesi iliyoizunguka huwaka rangi ya chungwa.

Saa yangu ina taa za IN-12 za Kisovieti, zile ambazo 5 yake ni 2 iliyogeuzwa juu chini. Kwa kuwa inahesabu hadi 24, taa ya kwanza kushoto huonyesha 0, 1 na 2 tu, miaka nenda miaka rudi. Nilitaka kujua hali ya namba zake nyingine. IN-12 hukaa kwenye soketi, kwa hiyo niliichomoa nikaihamishia upande wa sekunde. Namba 3 ikatokea nusu. Namba 8 iliwaka duara la juu, la chini giza tupu.

Sababu yake inajulikana: namba inayowaka hutoa chembe za chuma, nazo hutua kwenye jirani zake wasiowaka na kuwafunika. Dawa ni kuiwasha hiyohiyo iliyofunikwa, tena kwa mkondo mkubwa kidogo. Kwenye bodi ya majaribio niliweka rezista ya anodi, ile inayodhibiti mkondo unaoingia kwenye taa, ya kilo-ohm 10 badala ya 22, mkondo ukapanda kutoka chini kidogo ya miliampia 2 hadi kama 4, nikaiacha 8 peke yake ikiwaka. Mwanga ulianza kutambaa kutoka kingoni, taratibu mno, mpaka duara la chini likafunga. Furaha niliyopata siwezi kuieleza. Halafu nikarudisha rezista ya 22, maana mkondo mkubwa ukidumu huila taa.

Sasa taa nazibadilisha nafasi mara kwa mara, na programu ya saa huzungusha namba zote kumi usiku, kisha huzima taa hadi alfajiri.

Kilichokufa kabisa ni kapasita ya elektroliti, kifaa kinachohifadhi chaji, kwenye sakiti ya kupandisha volti. Ilikuwa imevimba kichwani, na taa zikipepesa. Nilitia mpya ya volti 250 inayostahimili nyuzi joto 105. Ukifanya hivyo, usitegemee kuchomoa plagi tu: kapasita hubaki na chaji, na volti 170 si za mchezo. Imalize chaji hiyo kwa rezista, uhakikishe kwa mita, ndipo uguse bodi.