Kabla ya kuvunja bathtabu Malindi, tazama maji machafu yanatokea wapi

Nyumba nyingi za ufukweni Malindi, hasa zilizojengwa na Waitaliano au kwa ajili yao, zina bathtabu. Nyumba ikishaingia mikono mingine, ya mzee aliyestaafu au ya familia kubwa, fundi huulizwa: hili tulitoe tuweke shawa ya sakafuni? Mazungumzo hurukia taili mara moja, rangi gani, ukubwa gani. Taili ni la mwisho. La kwanza ni bomba la maji machafu: liko juu ya sakafu au chini yake?

Bathtabu limeinuliwa. Trapu yake, kona ya bomba inayobakiza maji ili harufu isipande, imejificha chini ya tumbo lake, juu ya zege, na kutoka hapo bomba la inchi 1½ hutoboa ukuta kwenda kwenye gali, kishimo cha nje kinachopokea maji machafu. Shawa ya sakafuni haina tumbo. Maji yake yanaanzia kwenye nyayo, kwa hiyo trapu lazima izame ndani ya sakafu na bomba litokee chini zaidi. Hapo ndipo kazi ya siku nne hugeuka ya wiki mbili.

Pima kabla hujavunja kitu. Chukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi husawazishia kozi za mawe. Ujaze maji, toa mapovu yote, ncha moja ishikwe bafuni na nyingine ipelekwe nje kwenye gali. Ukishahamisha usawa wa sakafu ya bafu hadi ukuta wa nje, chora mstari, kisha pima kushuka mpaka pale bomba litakapoingilia gali. Trapu ya inchi 2 yenye maji ya kuzuia harufu ya sentimita 5 hutaka kina cha sentimita 12 hadi 15. Juu ya hiyo ongeza mteremko wa bomba, sentimita 2.5 kwa kila mita. Bomba la mita 3 litashuka sentimita 7.5. Jumla ni kama sentimita 20 na ushee. Gali likiwa chini ya hapo, vunja. Likiwa juu, utalazimika kulishusha pamoja na bomba lake hadi tangi la septiki, au uinue sakafu ya shawa na kurudisha ngazi ile ile uliyotaka kumwondolea mzee.

Bomba la zamani la inchi 1½ lisirudi. Bathtabu linaweza kungoja, maji yakatoka polepole hakuna anayeona. Shawa haingoji: nywele zikijikusanya kidogo tu, maji yanafika mlangoni.

Ghorofani mambo ni magumu zaidi. Asije mtu akachimba slabu na kukata nondo ili trapu ipate pa kukaa. Njia salama ni kutoboa tundu la bomba tu, trapu ining'inie chini ya slabu na kufichwa na dari ya chumba cha chini, au basi kuinua sakafu. Lamu, kwenye nyumba za kale za boriti na chokaa, hata kuinua sakafu ni hatari: kila sentimita 5 za simiti na mchanga huongeza takriban kilo 100 kwa mita mraba, na boriti zinazolowana taratibu huoza kuanzia ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001; ruhusa hutafutwa kabla ya nyundo. Kuoga sakafuni si ugeni kule. Birika, hodhi la maji lililojengwa bafuni, na kata ya kuchotea vilikuwepo kabla ya bathtabu kujulikana, na bafu lenye birika zima halihitaji kuvunjwa kabisa.

Je, ulitoe kweli? Kama kuna mzee, mgonjwa wa magoti au mjamzito nyumbani, ndiyo, bila kusitasita. Kuvuka ukingo wa sentimita 50 na zaidi kwa mguu wenye povu ndiko kunakoangusha watu. Kama maji yako ni ya kununua kwa boza, ndiyo vilevile: bathtabu likijazwa vizuri hunywa lita 150, shawa ya lita 8 kwa dakika haifiki 50 kwa dakika tano. Watoto wadogo si sababu ya kulibakiza. Mtoto huogeshwa vizuri tu kwenye beseni.

Sababu moja ya kulibakiza huisikii ikisemwa, nayo ni ya kweli: katika nyumba nyingi bathtabu ndilo ghala la maji siku za mgao. Basi nunua kwanza tangi la lita 500 lenye kifuniko, ndipo ulivunje. Na tangi hilo lisikae wazi. Mlipuko wa chikungunya Lamu mwaka 2004 ulikuja wakati wa ukame, maji yakiwa yamewekwa majumbani, na mbu wake huzaliana kwenye maji masafi kama hayo.

Sasa kazi. Bathtabu la kawaida ni sentimita 170 kwa 70. Likitoka, pata eneo la 170 kwa 80 ukiweza. La chuma cha kusubu hupita kilo 100, hupasuliwa kwa nyundo likiwa limefunikwa gunia, maana vipande vya enameli hukata kama kioo. Likishatoka kagua ukuta nyuma yake. Mara nyingi haukupigwa plasta hata kidogo.

Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji. Tone linalopenya nyuma ya taili leo litatokea chumba cha kulala baada ya miezi: rangi inavimba, chini yake unga mweupe wa chumvi. Grauti, ile inayojaza mianya kati ya taili, haizuii maji. Kinachozuia ni dawa ya kupaka, mipako miwili, kilo 3 hivi kwa mita mraba kwa ile ya simiti, sakafu nzima na kuta hadi sentimita 180, na utepe wake kwenye kila kona. Na mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu milele.

Mteremko wa sakafu ni sentimita 2 kwa mita kuelekea tundu, uhakikishwe kwa pima maji kabla simiti haijakauka, si baada. Dawa ikishakauka, ziba tundu, jaza maji sentimita 3, weka alama ya penseli ukutani, uache saa 24. Usawa ukishuka, tafuta penye kasoro sasa. Fundi akikuambia jaribio hili ni kupoteza siku, badilisha fundi.

Sakafuni tumia vitaili vidogo vya sentimita 5 visivyong'aa: hufuata mteremko bila kukatwa, na mistari mingi ya grauti hushika mguu. Kuta tatu hadi mita 2.1 ni karibu mita mraba 7, nunua 8. Ukitaka chuma cha kushikilia, kiweke sentimita 90 kutoka sakafuni. Jiwe la matumbawe ni laini, skrubu na plagi hung'oka, kwa hiyo chimba, jaza simiti, na uzike skrubu ndefu humo kabla ya taili.

Mlango wa kioo siushauri. Maji ya kisima huacha madoa meupe, na bawaba huanza kutu mapema sana. Ukuta mfupi wa sentimita 120 na upepo wa dirishani vinatosha.

Hita ya shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 23. Iwe na waya wake peke yake wa milimita mraba 6, swichi nje ya bafu, na waya wa ardhi uliofika ardhini kweli. Nunua ile ya maji ya chumvi; kwenye ile ya kawaida waya wa kupashia maji hukaa wazi ndani ya maji, na chumvi huula huku ikipitisha umeme. Kichwa cha shawa kiwe kidogo. Tangi lililo mita 2 juu yake lina msukumo wa bar 0.2 tu, na kichwa kipana kitakudondoshea. Matundu yakiziba, kiloweke usiku kucha kwenye siki.

Nyumba ikifungwa miezi ya masika, maji ya trapu hukauka na mende hupanda. Mimina lita mbili za maji, kisha kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia juu yake, ufunge mlango.