Jiwe nililolificha

Nilianza bahari nikiwa na miaka 17, kwenye boti ya nyavu yenye watu kumi na wawili, mimi mdogo wao. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua maji, kuyatoa yaliyoingia chomboni. Baadaye nikapandishwa kuvuta jarife, ule wavu mkubwa. Miaka minne nilivuta, nikakunja nyavu alfajiri mikono imechanika kwa chumvi, na siku niliyoondoka nilikuwa sijui hata jiwe moja la bahari yetu ya Jambiani, Unguja, yaani mwamba wa chini ya maji wanakokaa samaki. Nahodha ndiye aliyekuwa anajua. Sisi wengine tulikuwa tunavuta.

Kilichonitoa ni hesabu. Samaki wakishanadiwa pwani, kwanza hutolewa mafuta, barafu na chakula cha safari. Kinachobaki hukatwa nusu: nusu ya tajiri kwa ajili ya chombo, mashine na nyavu, na nusu yetu mabaharia, nahodha akichukua mafungu mawili. Ndivyo ilivyokuwa kwenye boti yetu, na kwa utaratibu huo sikuwa na ugomvi. Nyavu hugharimu na mashine hufa. Ugomvi wangu ulikuwa kwenye yale yanayotolewa mwanzo. Mafuta yaliandikwa na mtu mmoja, kwenye daftari lake mwenyewe, na safari ya karibu ilikula mafuta sawasawa na safari ya mbali. Niliuliza mbele ya wenzangu. Walionituma niulize walinyamaza. Baada ya wiki mbili nikaambiwa nafasi imejaa.

Kunyamaza kwao ndiko kulikoniuma kuliko kufukuzwa. Nikaapa moyoni kwamba sitavua tena na mtu.

Ami yangu alikuwa na ngalawa kuukuu iliyolala mchangani tangu macho yake yalipoanza kufifia. Akaniambia, "Ichukue, mwanangu. Ukipata, nikumbuke kwa kitoweo." Niliziba nyufa, nikaipaka sifa, yale mafuta ya papa, nje na ndani, nikashona tanga upya, nikanunua mishipi na ndoana kwa pesa za kubeba mchanga wa ujenzi. Ami alinipa nanga yake ya chuma na maneno machache tu kuhusu maji.

Maji ndiyo saa ya kwetu. Asiyewahi kufika pwani ya mashariki ya Unguja hatajua kwamba bahari inaweza kuondoka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka kati ya mita 3 na 4. Hujaa kama saa kumi alfajiri, yakapwa mpaka saa nne au saa tano asubuhi, na hapo uwanja wote kati ya ufuo na mwamba unakuwa mchanga, mwani na vidimbwi, akina mama wanatembea kwa miguu mahali ambapo usiku ngalawa ilielea. Nje kabisa ndiko wimbi linakovunjikia, na njia ya kutokea ni mlango, mpasuko kwenye mwamba ambao lazima uujue kama unavyoujua mlango wa kwenu. Ukitoka na maji ya alfajiri, hurudi mpaka maji yajae tena alasiri. Katikati hapo huna pa kwenda.

Kwa hiyo mvuvi wa peke yake hukaa saa nane au tisa bila kusikia sauti ya mtu. Nilidhani nitaogopa. Badala yake nilipata kitu ambacho sikukipata miaka yote minne ya kwenye boti: nilianza kujua. Nilijifunza kusoma alama za nchi kavu, mnazi mrefu ukae juu ya paa fulani, mnara uje sawa na upenyo wa miti, na mistari miwili hiyo ikikutana, chini yako kuna jiwe. Nilijifunza kusikia kwa kidole. Changu hudonoa mara mbili tatu kwa haraka. Chewa hamezi kwa fujo, unahisi uzito tu kama ndoana imenasa, kisha uzito unatembea. Mshipi wa chini unataka utulivu, na ngalawa ni nyembamba, watu wawili wakishusha upande mmoja mishipi husokotana. Ninaposema kuvua peke yako kuna faida, sisemi kwa majivuno. Hakuna aliyekuwa akinivutia wala akiniamulia, na kila kosa lilirudi mkononi kwangu, nikalisoma.

Na nilipata jiwe. Lilikuwa kwenye kina cha pima kama 25, kaskazini ya mlango wetu, mahali ambapo wenzangu walipita wakirambaza, wakiburuta mishipi nyuma ya chombo, wakikimbilia mbali zaidi. Niliangusha chubwi, ule uzito wa mshipi, pale kwa bahati tu, upepo ulipokufa. Siku ile nilirudi na chewa wawili na changu wa kujaza kapu. Mnadani watu waliniuliza nimevua wapi. Nikasema, "Huku kusini."

Nilisema hivyo mwaka mzima. Na si kwa mdomo tu. Nikitoka mlangoni nilielekeza omo, ncha ya mbele ya ngalawa, kusini mpaka ngalawa za wenzangu zitawanyike, ndipo nikageuza. Jiwe lile halikuwa na jina. Sikumwambia ami, sikumwambia mke wangu. Alipokuwa akiuliza, "Leo uko wapi?" nilijibu, "Baharini."

Siku yenyewe ilikuwa ya kusi, mwezi wa Julai, bamvua. Kusi upande wetu hauna mchezo: upepo unatoka baharini, wimbi linafika likiwa limepata nafasi ndefu ya kujikusanya, na mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima huongeza nguvu miezi hiyo. Busara ilikuwa kubaki nyumbani. Nilikwenda kwa sababu asubuhi ilikuwa tulivu na nyumbani hapakuwa na kitu.

Kama saa tatu alinasa kolekole. Mshipi wangu ulikuwa na ndoana mbili. Nilimvuta mpaka juu, nikamwona ubavu unang'aa, nikainama kumshika, akajitikisa mara moja, na ndoana ya pili, ile tupu, ikaingia kwenye kiganja changu cha kushoto mpaka kwenye shina la kidole gumba. Samaki bado alikuwa kwenye ile ya kwanza. Kila alipozama alinivuta kwa nyama yangu mwenyewe.

Kisu kilikuwa tezini, nyuma ya ngalawa, chini ya upo wa kufulia maji. Sijui nilikifikiaje. Nilikata mshipi, kolekole akaenda zake, mimi nikabaki na ndoana mkononi na damu kwenye ngama, chini kabisa ndani ya ngalawa. Ndoana ina kizuizi nchani, ukiivuta kinyume inararua. Nikafunga kiganja kwa kitambaa na ndoana ikiwa ndani.

Kisha nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka tumbo linakaza. Upepo ulikuwa umeanza. Nilitaka kurudi nyumbani, nikitaka sasa hivi. Nilijaribu kung'oa nanga kwa mkono mmoja, ikawa imenasa kwenye jiwe, nikakata amari, kamba yake. Baada ya kuikata ndipo akili ikarudi. Ilikuwa saa nne. Maji yalikuwa yamepwa kabisa, mlango umebanwa na mawimbi yanavunjika pande zote mbili. Nilichohitaji kilikuwa kutulia pale pale mpaka saa nane maji yapande, na kitu cha pekee ambacho kingenituliza nilikuwa nimekiacha chini, kwenye pima 25.

Ngalawa ya tanga inataka mikono miwili, mmoja wa usukani na mmoja wa demani, kamba ya kuliongoza tanga. Kufunga demani moja kwa moja huwezi, dharuba ikipiga unapinduka. Niliubana usukani kwapani, nikashika demani kwa mkono wa kulia, nikawa nakwenda na kurudi mbele ya mwamba, kwenda na kurudi, na kila nilipogeuza nilikuta nimesogea kaskazini zaidi. Maji yaliingia na sikuwa na mkono wa kuyafua. Niliita jina la Mungu kwa sauti, halafu nikaita majina ya watu, kisha nikanyamaza kwa sababu koo lilikauka.

Alasiri nilipenya kwenye mlango nisioujua vizuri, nikafika ufuoni Paje. Wavuvi wa pale walinibeba, wakanipeleka kituo cha afya, ndoana ikatolewa kwa kusukumwa mbele mpaka ncha ikatokea upande wa pili, ikakatwa. Kijana mmoja akanirudisha Jambiani kwa pikipiki. Ilikuwa imekwisha ingia magharibi.

Pwani nilikuta watu wamesimama na tochi. Mama yangu alikuwa bado na nguo za kwenye mwani. Ngalawa zote zilikuwa zimerudi isipokuwa yangu, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba nilielekea kusini, maana ndiko nilikowazoesha kuniona nikielekea. Ngalawa mbili zilikuwa zimetoka kunitafuta. Kusini. Na giza lile, na kusi ile. Katika mmoja wa vyombo hivyo alikuwemo mtu niliyevuta naye jarife, mmoja wa wale walionyamaza siku ya daftari.

Walirudi baada ya isha. Muda ule wa kusubiri, nimekaa juu ya mchanga na mkono uliofungwa, ndio mrefu kuliko saa zote nilizokaa nje ya mwamba. Hakuna aliyenigombeza. Ami alikaa karibu yangu, akanishika bega, akasema kwa upole, "Mwanangu, hatukuombi samaki wako. Tunaomba tujue pa kukutafuta."

Mkono ulichukua karibu miezi miwili. Katika muda huo nilikwenda kwa yule niliyevuta naye jarife, nikamwomba radhi, naye akaniomba mimi ya siku ile. Naye alikuwa ameiacha boti. Tukazungumza mpaka usiku. Yeye hakutaka tena kazi ya fungu, mimi sikutaka tena kuwa peke yangu, na wala hatukutaka kukaa ngalawa moja na mishipi yetu ikisokotana. Tukapata njia ambayo wazee walikuwa nayo zamani na sisi tukaiona kama tumeigundua: kila mtu na ngalawa yake, mishipi yake na samaki wake, lakini safari ni moja. Baadaye akaingia wa tatu, binamu yangu.

Masharti hayakuandikwa. Tunatoka pamoja, na usiku wa kuamkia safari kila mtu anasema nyumbani kwake tunakwenda jiwe gani. Hatukai mbali kiasi cha kutosikia filimbi. Simu zinaingia kwenye dumu dogo lenye mfuniko wa kukaza, na dumu linafungwa chomboni. Kila ngalawa ina nanga ya akiba, hata kama ni jiwe la kamba tu, na hilo nilililazimisha mimi. Chambo anayewahi kukipata anawagawia wengine. Anayerudi mikono mitupu hapewi samaki wa kuuza, ila kitoweo cha nyumbani kwake hakikosi. Na kurudi ni pamoja. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana kuna siku wewe huna kitu na mwenzako anataka kurudi kwa sababu mwili wake haumpi, au wewe umejaza na unataka kuwahi mnada huku mwenzako ndiyo kwanza samaki wanaanza kula. Tumewahi kununiana kwa hilo siku tatu. Lakini tulinuniana tukiwa tumetoka pamoja na tumerudi pamoja.

Faida nyingine sikuitarajia. Mwaka uliopita binamu yangu alikamata papa aliyekuwa anaizungusha ngalawa. Akapiga filimbi, tukamfuata, mmoja akashika omo, mwingine akamsaidia kwa kulabu. Mimi wa zamani ningeukata mshipi, au nisingeukata, na ningejuta kwa vyovyote.

Hasara ipo na siifichi. Mishipi mitatu juu ya jiwe moja si sawa na mmoja. Chewa wakubwa wamepungua pale, na chewa hukua polepole, hawazibi pengo kwa msimu mmoja. Tumekubaliana tulipumzishe, tuliendee kwa nadra, siku zingine tutafute kwingine. Na kuna asubuhi, hasa matlai, upepo wa mashariki, yanapovuma kidogo na bahari ikiwa kama mafuta, ninapotamani ule ukimya wa kuwa mwenyewe kabisa. Huwa ninausogelea kidogo: nasogeza ngalawa mpaka pale ambapo maneno yao siyasikii ila filimbi ningeisikia, nashusha mshipi, nasubiri kidole kiniambie.

Nilipowapeleka kwenye jiwe langu mara ya kwanza niliwaonyesha alama zote mbili, mnazi na mnara, moyo ukinidunda kama ninayegawa mali ya urithi. Yule mwenzangu akazitazama muda mrefu, akashusha chubwi, akapima. Akauliza linaitwaje. Nikamwambia halina jina. Akautazama mkono wangu, akasema, basi hapa ni Kiganjani.

Mke wangu analijua jina hilo, mama analijua, na ami, ambaye haoni tena bahari, huliuliza kwanza kila nikimpelekea kitoweo. Kesho mwezi unaandama. Maji yatajaa alfajiri, tutatoka watatu. Nimeshasema nyumbani: Kiganjani, na kurudi ni kwa maji ya alasiri, inshallah.