Comatose kwenye kanisa la bati

Vijana wa bendi za makanisa Mwanza mnaotaka kupiga Comatose (2006), albamu ya Skillet, bendi ya roki ya Kikristo ya Marekani: John Cooper anaimba huku anapiga besi, mkewe Korey yuko kwenye kinanda na gitaa. Nyimbo kadhaa huwezi kujua analiliwa mpenzi au Mungu, kwa hiyo maneno lazima yasikike.

Hapo ndipo bati linapowaponza. Distoshen (mkwaruzo wa gitaa la umeme) ikijaa, mwangwi unameza konsonanti zote. Gitaa lipunguzeni hadi nusu, maiki ya mwimbaji ikateni sauti nzito za chini ya hezi 100, spika zielekee watu, siyo ukuta. Mpiga ngoma naye asiyatwange matoazi kwa nguvu mno (wapiga ngoma wanapenda sana!). Mvua ya Aprili ikianza, hakuna miksa itakayowasaidia, subirini ikatike.