Rejeta ya alumini kwenye Altezza: maji na ethi kwanza

Altezza nyingi zilizobaki visiwani Zanzibar zimeshapita miaka ishirini. Toyota iliitengeneza gari hii kuanzia 1998 hadi 2005, na rejeta iliyokuja nayo ina kiini cha alumini, yaani mirija na mapezi yake, kilichobanwa na matangi ya plastiki. Plastiki ndiyo inayokufa kwanza. Ukiona imegeuka kutoka nyeusi kuwa ya kahawia, imeshakauka. Aghalabu hupasukia pale kwenye shingo ya mpira wa juu, na maji yote yanaishia barabarani. Ndiyo maana wenye Altezza na gari nyingine za michezo za zamani kama MR2 na MX-5 wanatafuta rejeta nzima ya alumini, ile ambayo hata matangi yake yamechomelewa. Ni chaguo zuri. Ila kwa mazingira yetu, uhai wake unategemea maji unayotia na ethi ya gari (nyaya zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri) kuliko jina lililobandikwa juu yake, na haya mawili ndiyo mafundi wengi wanayaruka.

Kabla ya kutoa pesa, angalia gari inachemsha wakati gani. Ikichemsha kwenye foleni ya Darajani au Mwanakwerekwe kisha ikashuka ukianza kwenda, tatizo ni hewa: feni haivuti vya kutosha, au kava lake lilivunjika likatupwa. Ikiwa mjini imetulia lakini inapanda ukishika barabara ya Paje kwa mwendo wa kilomita 80 na AC imewashwa, hapo ni mzunguko wa maji: mirija imeziba, pampu ya maji imechoka, au mpira wa chini umelainika na unanyonywa hadi unajifunga wenyewe. Na ikiwa mipira inakuwa migumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini ikiwa baridi, na mapovu hayaishi kwenye shingo ya rejeta, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, imeharibika. Rejeta mpya haitakusaidia kitu.

Angalia pia kama themostati ipo, ile vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto. Gari nyingi huku zimetolewa themostati kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta, kisahani chake cha chini kinafunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Unafunga rejeta kubwa na gari bado inapanda kwenye vilima vya Mkoani. Rudisha themostati ya nyuzi 82 au ile iliyotajwa kwa injini yako, na kile kivalvu kidogo kinachotikisika kiwe upande wa juu kabisa ili hewa ipate pa kutokea.

Kwenye kununua, kosa kubwa kuliko yote linahusu gari za otomatiki. Rejeta nyingi za alumini zinazouzwa kwa ajili ya gari za michezo zimetengenezwa kwa gia za mkono, hazina kipoza mafuta ya gia ndani ya tangi. Ukiwa na otomatiki, ama utafute yenye kipoza, ama ufunge kipoza cha pembeni mbele ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, mbele ya rejeta yenyewe). Kuunganisha mipira miwili ya mafuta ya gia pamoja ili "isafiri tu" ni kuiua giaboksi. Ikiwa rejeta yako ya zamani imetoboka ndani na mafuta ya gia yamechanganyika na maji, utaona uji wa rangi ya waridi kwenye chupa ya akiba. Usifunge rejeta mpya kabla giaboksi haijasafishwa.

Baada ya hapo chukua kipimo, usiamini picha. Rejeta ya kiwandani ni nyembamba. Hizi za alumini zenye safu mbili za mirija hufika milimita 40 hadi 50 na kitu. Unene huo unakula nafasi ya feni. Kama feni yako inaendeshwa na injini yenyewe, kumbuka injini inacheza juu ya maunti zake (mipira inayoibeba) na rejeta imeshikwa na bodi. Maunti zikiwa zimekufa, feni inaweza kusogea mbele na kukata mapezi. Mimi ningetaka ibaki nafasi ya milimita 20 walau, na maunti nzima. Unene pia hauna faida kama feni haiwezi kuvuta hewa kuupita. Kiini cha kadiri chenye kava zuri la feni kinashinda kiini kinene kisicho na kava.

Mambo mengine ya kukagua mkononi: midomo ya mipira iwe na ukingo ulioinuka mwishoni, la sivyo mpira utachomoka gari ikiwa ya moto. Shingo ya mfuniko ikubali mfuniko wa Kijapani. Tundu la swichi ya feni katika gari nyingi za Kijapani ni M16 kwa 1.5. Kwa sensa ndogo za geji, uzi wa 1/8 wa Kimarekani una meno 27 kwa inchi na ule unaotumika Japani una meno 28. Vinaingia mizunguko michache vikashika kama kwamba vinafaa, kisha vinavuja au kupasua tundu. Kikikataa kwa vidole, usikilazimishe kwa spana.

Rejeta ikifika, iwe imetoka Bara kwa boti au Dubai kwa kontena, isiende moja kwa moja kwenye gari. Isuuze ndani mpaka maji yatoke safi, maana vumbi la kuchomelea na mabaki ya kiwandani yanabaki kwenye matangi. Kisha ijaribu: ziba midomo kwa vipande vya mpira vyenye vizibo na klipu, izamishe kwenye beseni kubwa, pampu upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji mpaka kama psi 15. Subiri dakika kumi. Povu moja dogo linalojirudia kwenye kona ya tangi ni tundu la uchomeleaji, na ni afadhali ulione hapo sebuleni kuliko Kitogani. Mshono wa tangi fundi mwenye mashine ya kuchomelea ya TIG anaweza kuurudia. Mirija ni myembamba mno, ikitoboka usitegemee gundi isipokuwa kwa kukufikisha nyumbani.

Kufungua ya zamani hakuna siri: injini ipoe kabisa, toa terminali ya hasi ya betri, mwaga maji na uyapime yaliyotoka, toa mipira, soketi za feni, mipira ya gia uizibe isichafuke, kisha mabano ya juu.

Kufunga ndiko kunataka utulivu. Rejeta ikae juu ya mipira yake ya chini na kushikwa na mipira ya juu, isiguse chuma cha bodi popote. Ikibanwa kavu, bodi inapojipinda kwenye mashimo uchomeleaji unachanika. Mianya ya pembeni izibe kwa sponji ngumu ili hewa ipite ndani ya kiini, isikwepe. Feni za umeme zifungwe kwenye kava au mabano, kamwe si kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi. Vinasugua taratibu mpaka vinatoboa mrija. Feni ya inchi 12 hula kati ya ampea 8 na 15, kwa hiyo kila moja iwe na fyuzi yake na umeme upite kwenye rilei (kifaa kinachobeba umeme mkubwa kwa amri ya swichi), si kwenye swichi yenyewe. Kabla ya kufunga bampa, weka karatasi mbele ya rejeta. Feni iliyo nyuma lazima iivute karatasi. Ikiisukuma, nyaya zimegeuzwa.

Sasa maji. Maji ya Unguja yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, na chokaa yake kila mtu anaiona kwenye birika la chai. Visima vya karibu na pwani vina chumvi juu yake. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksaidi, na chumvi ndiyo inayoivunja ngozi hiyo na kuchimba vishimo mpaka mrija unatoboka kutoka ndani. Chokaa nayo ina ubaya wa pili ambao wengi hawaufahamu: kulanti (maji maalumu ya rejeta) za Kijapani zina fosfeti, na fosfeti ikikutana na chokaa hufanya ukoko unaoganda kwenye mirija. Kwa hiyo kulanti nzuri iliyochanganywa na maji ya bomba inaweza kuziba rejeta mpya.

Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa, kama ile ya waridi ya Toyota, na usiiongeze maji. Ukipata ya kuchanganya mwenyewe, tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri, nusu kwa nusu. Soma chupa: nyingine ni asidi ya betri, na hiyo haina mahali kwenye injini. Maji ya mvua ya bati la karibu na bahari yana chumvi iliyorushwa na upepo, na maji ya kunywa ya chupa yana madini. Huku hakuna barafu, lakini kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Usizidishe asilimia 60, maana uwezo wa kubeba joto unapungua. Rangi peke yake haithibitishi kitu. Madumu mengi ya bei rahisi ni maji ya kijani tu.

Suuza injini kabla ya kujaza. Fungua hita kwenye moto wa mwisho, jaza maji, iwashe mpaka themostati ifunguke, iache ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke safi. Bloku hubaki na maji ya zamani mengi, basi fungua pia skuruu ya kumwagia iliyo kwenye bloku, na suuza ya mwisho iwe kwa maji ya betri.

Kujaza fanya polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa, hita wazi, huku ukiminya mpira wa juu kwa mkono ili hewa itoke. Washa, subiri mpira wa juu upate moto ghafla, hapo themostati imefunguka. Shika injini kwenye mizunguko 2,500 (rpm) kwa muda wa dakika moja, ongeza, funga mfuniko. Ikipoa kabisa fungua uangalie tena. MR2 inataka subira zaidi, kwa kuwa injini iko nyuma na mabomba yanapita chini ya gari nzima. Fungua vitoa hewa vyote. Mfuniko uwe wa kipimo cha presha kilichoandikwa kwa gari yako, 0.9 au 1.1 (takriban bar). Kwa 1.1 hata maji matupu yanachemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Kupanda hadi 1.3 kwenye mipira ya zamani na hita ya miaka ishirini ni kutafuta uvujaji mwengine.

Halafu pima umeme kwenye maji. Multimita iwe kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu izamishwe kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Injini ikiwa imezimwa, kisha imewashwa, washa taa, feni, AC na redio kimoja kimoja, na mtu apige stata wakati unaangalia. Chini ya volti 0.1 ni salama. Ikifika 0.3, kuna kifaa kinachotafuta ethi kupitia maji, na alumini italiwa hata ukitia kulanti ya bei gani. Kinachopandisha namba ndicho chenye kasoro. Mara nyingi ni waya wa ethi baina ya injini na bodi, umeota kijani kwa hewa ya bahari chini ya boliti yake. Ufungue, sugua mpaka chuma king'are, ufunge mpya, upake grisi. Rejeta yenyewe usiifungie waya wa ethi.

Geji ya dashibodi usiitegemee kwa kupima mafanikio, imetengenezwa kuganda katikati kwa nyuzi nyingi kabla ya kuanza kupanda. Funga geji ya pembeni yenye sensa kwenye mpira wa juu. Bastola ya kupimia joto nayo hudanganya kwenye alumini inayong'aa, inasoma chini kuliko ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi na upime hapo.

Baada ya kilomita 500 kaza klipu kwa kiasi, bila kuuminya mdomo wa alumini, na uangalie usawa wa maji asubuhi. Chumvi na mchanga wa pwani viondoe kwa maji baridi ya mpira wa bustani, ukimwagia kutoka upande wa injini kwenda mbele. Vijana wa kuosha magari waambie wasipige pampu ya nguvu wala sabuni kali ya kuoshea injini hapo: pampu inalaza mapezi, na sabuni yenye magadi inakula alumini. Kipimo cha volti kirudie kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza Desemba, na kila unapofunga redio, taa au king'ora kipya.