Chombo cha kuvulia cha mtu mmoja: mradi umefika hapa

Nimeshanunua chombo cha kuvulia samaki peke yangu. Kwa wale mnaofuatilia, bajeti haikupanda: shilingi 40,000, jaketi la kuokolea maisha likiwa ndani ya hesabu. Sharti nalo lilibaki lilelile, kwamba chombo kikunjike kiingie kwenye buti ya matatu kutoka Kisumu, kifungwe nyuma ya bodaboda nikishuka Siaya, na nikifika Ziwa Kanyaboli nikijaze hewa na kukishusha majini bila msaidizi.

Kanyaboli ndiko moyo wangu uliko. Ziwa hilo dogo limo kwenye kinamasi cha Yala, na mafunjo yamelizingira kiasi kwamba ukisimama nchi kavu na ufito wako unavua majani tu. Humo bado anaishi ngege wa asili, aina ya tilapia iitwayo Oreochromis esculentus, ambaye Ziwa Victoria karibu limpoteze kabisa kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa samaki walioletwa miaka ya 1950 na 1960, mbuta (sangara) akiwemo. Huyo nikimnasa nitamrudisha majini. Ninaowatafuta ni mumi (kambare) na kamongo.

Chaguo la bei rahisi kuliko yote lilikuwa tyubu ya kukalia, ile ambayo mvuvi huketi katikati, miguu ikining'inia majini, akajisukuma kwa mapezi ya mpira. Ina uzito wa kilo tano hivi na inabebeka mgongoni. Kwenye mabwawa ya baridi ya nyanda za juu, wanakovua trauti, ningeichukua bila kufikiri. Huku kwetu hapana. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa kandokando ya ziwa na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, na mimi ningekuwa nimechovya miguu saa nzima nzima. Hata kuingia na kutoka majini nitavaa gambuti ndefu. Halafu kuna kiboko, ambaye sihitaji kueleza kwa nini sitaki miguu yangu iwe upande wake.

Kayaki ya plastiki ngumu ndiyo inayokata maji vizuri kuliko zote, lakini ina urefu wa mita tatu na uzito wa kilo 25 au zaidi. Hakuna makanga atakayekubali.

Kilichonishughulisha kweli ni boti ya mpira ya kupiga makasia, pana, fupi, yenye nafasi ya ndoo na vyakula. Niliipenda. Bei yake ilikuwa chini ya ile niliyonunua mwishowe. Kwa kuwa majaribio yatakuwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nilikwenda ufuo wa Dunga kuzungumza na wavuvi kabla ya kulipa, nikiwapitia kwanza wazee wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, kama ilivyo heshima, na mmoja wao akaniambia maneno yaliyobadilisha hesabu yote: "Omera, usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu, unakupeleka. Mchana unatoka ziwani, unakurudisha. Sisi tuna tanga na injini. Wewe una mikono."

Ndivyo ziwa linavyofanya kazi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ikasukumwa kwenda ziwani. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto na upepo ukageuka. Wavuvi wa tanga wameishi kwa mpango huo vizazi na vizazi. Lakini kitu kilichojaa hewa kinaelea juu juu, hakina mkuku (uti wa chini unaokishika majini), na kikiwa kipana kinashikwa na upepo kama tanga lisilo na usukani. Alfajiri kingenipeleka katikati ya Ghuba la Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo mbele ya Kisumu; mchana kingenirudisha pamoja na magugu maji, ambayo upepo huohuo huyasukuma na kuyarundika ufuoni Kisumu. Ukinaswa katikati ya magugu, makasia hayapati maji ya kushika.

Kwa hiyo nimechukua kayaki ya kujaza hewa: nyembamba, ina pezi chini ya tezi (sehemu ya nyuma) linaloisaidia kwenda moja kwa moja, na inaendeshwa kwa kafi lenye bapa mbili. Kilo 14. Niliinunua ikiwa imetumika, shilingi 27,000. Jambo nililolitazama kwanza ni ngozi yake: PVC yenye kitambaa kilichofumwa ndani, si ule mpira mwembamba wa vidimbwi vya watoto. La pili, vyumba vya hewa. Viko vitatu vinavyojitegemea, kimoja kikipasuka viwili vinanirudisha. Niliijaza nikapaka povu la sabuni kwenye mishono na valvu. Ikilala usiku italegea kidogo kwa sababu hewa imepoa, na hilo si pancha; kinyume chake, ukiijaza kwa nguvu asubuhi na kuiacha juani mchangani, hewa hutanuka na mishono ikaachana. Nikiitoa majini adhuhuri nitapunguza hewa mara moja.

Fundi wa jua kali amenikatia turubai zito la kutandika sakafuni. Mumi ana miiba kwenye mapezi ya kifuani, na kamongo ana taya za kukata kidole, sembuse mpira. Samaki ataingia kwenye ndoo yenye kifuniko kabla ndoana haijatolewa.

Jaketi lilikula shilingi 3,500. Nanga ni jiwe ndani ya wavu mzee, kamba yake ikifungwa omo, yaani mbele. Ukiifunga ubavuni, upepo ukivuma chombo kinalala ubavu. Kisu cha kuikata kitaning'inia kwenye jaketi.

Majaribio yatakuwa karibu na ufuo, jua likiwa limeshachomoza, kwa kuwa viboko hurudi majini alfajiri kutoka malishoni na sitaki kukutana nao njiani. Nasubiri magugu yaondoke. Mwenye kujua wanakouza valvu za akiba hapa Kisumu, hata soko la Kibuye Jumapili, aniambie.